Scarface wa Houston: nafasi ni ya albamu tatu tu, nichukue zipi?

Kijana_wa_Besi

Wakuu, habari za jioni.

Dada yangu yuko Houston, anarudi Dar mwezi ujao na amekubali kunibebea santuri tatu. Nimeamua zote ziwe za Scarface, yule rapa wa kundi la Geto Boys, maana dada anazitoa palepale alikozaliwa rapa mwenyewe. Nimechuja mpaka zikabaki tano: Mr. Scarface Is Back (1991), The Diary (1994), The Untouchable (1997), The Fix (2002) na Deeply Rooted (2015). Mbili lazima zitoke. Nisaidieni zipi na kwa nini. Anaingia madukani wiki hii, msinizungushe.

Chuma_Chakavu

Diary, Untouchable, Fix. Uzi ufungwe.

Mama_Santuri

Ufungwe kwa lipi, Chuma? Mwenye uzi hajasema hata nusu.

Mwanangu, jibu haya kwanza. Santuri tatu ni albamu tatu au sahani tatu? Albamu ya rap ya saa nzima kwa kawaida hukatwa kwenye sahani mbili, kwa hiyo albamu tatu zinaweza kuwa sahani sita, na begi linapimwa kwa kilo. Unataka mpya au hata za mtumba? Utazichezea kwenye nini? Na Scarface ulimjulia wapi: Geto Boys, "Smile" aliyoimba na 2Pac, au kwa Jay-Z? Aliyemjulia kwenye "Smile" ukimkabidhi albamu ya 1991 atadhani umempa msanii mwingine.

Mchambuzi_wa_Kusini

Tukisubiri majibu, niweke msingi.

Brad Jordan, Novemba 1970, Houston. Alianza kwa jina la DJ Akshen kwenye lebo ndogo ya rapa Lil' Troy, na "Scarface" lilikuwa jina la wimbo wake kabla halijawa jina lake. J. Prince, mwenye lebo ya Rap-A-Lot, akamuunganisha na Willie D na Bushwick Bill, ikawa Geto Boys tunaowajua. Grip It! On That Other Level ikatoka 1989, na mwaka uliofuata prodyuza Rick Rubin akaitoa sehemu kubwa ya kazi ile upya kupitia lebo yake ya Def American, wasambazaji Geffen wakagoma kuisambaza. 1991 ikaja We Can't Be Stopped yenye "Mind Playing Tricks on Me", iliyofika namba 23 kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Wimbo ule Scarface alikuwa ameuandaa kwa ajili ya albamu yake binafsi. Hapo ndipo pa kuanzia kumsoma: wenzake wanatisha, yeye anaogopa, na anakuambia kwamba anaogopa.

Twende kwenye orodha. Mr. Scarface Is Back ya Oktoba 1991 ni sampuli nzito, yaani vipande vilivyokatwa kwenye nyimbo za zamani, mikono ya maprodyuza Crazy C na John Bido, na mwenyewe bado kijana wa miaka 20 anayekimbiza mistari. Watu wanakufa humo kama kwenye sinema, wimbo unaisha, unafuata mwingine. The World Is Yours (1993) hukuitaja, na umefanya vizuri kutoitaja ingawa ina "Now I Feel Ya", ambapo kwa mara ya kwanza anazungumza kama baba. Ni ndefu kupita kiasi na katikati imelegea. Ila prodyuza N.O. Joe alishaingia na kinanda chake chenye harufu ya kanisa, na mwendo ukapungua.

Halafu The Diary, Oktoba 1994. Dakika 43 hivi, vipande 13 ukihesabu utangulizi na hitimisho. N.O. Joe na prodyuza mwenzake Mike Dean wanapiga besi, gitaa na ogani badala ya kutegemea sampuli peke yake, ndiyo maana besi yake haigongi kisha ikapotea, inakaa. Sikiliza "I Seen a Man Die": jamaa katoka jela baada ya miaka saba, anarudi kulekule, na kwenye vesi ya mwisho msimulizi yuko karibu na anayekata roho, anamsemesha mpaka mwisho. Linganisha na vifo vya 1991. Aliyeandika alikuwa na miaka 23.

Kwa hiyo The Diary haipigiwi kura. Tunagombea nafasi mbili.

Kijana_wa_Besi

Shikamoo Mama Santuri. Asante Mchambuzi.

Nilimjulia kwenye "This Can't Be Life" ya Jay-Z ya mwaka 2000, ile vesi yake ya mwisho, ndipo nikarudi nyuma. Nafasi ni ya albamu tatu, hata zikiwa sahani mbilimbili. Mpya au mtumba sawa. Pleya ya santuri bado sina, dada kapata moja ya mtumba hukohuko, ya mkanda (mota inazungusha sahani kwa mkanda wa mpira), ya zamani lakini nzima, atakuja nayo. Hapa nitachomeka kwenye transfoma.

FundiSindano

Simama hapohapo. Albamu baadaye.

Mwambie dada aipindue hiyo pleya asome kibandiko cha chini. Umeme wa Marekani ni volti 120 kwa hezi 60. Wetu ni volti 230 kwa hezi 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Pleya nyingi za zamani za mkanda zina mota ya AC inayozunguka kwa kufuata hezi za ukutani. Ukiichomeka hapa kupitia transfoma itawaka vizuri, taa itawaka, sahani itazunguka, lakini badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika utapata kama 27.8. Sauti inashuka takribani nusutoni tatu. Scarface tayari sauti yake ni ya kifuani, utamshusha mpaka miguuni.

Njia za kutoka ni hizi. Ya kwanza, pleya yenye mota ya DC inayotumia adapta. Adapta ikiwa imeandikwa 100–240V 50/60Hz, huhitaji hata transfoma. Ikiwa ni ya 120V tu, unanunua nyingine hapa yenye volti zilezile za kutoa, ampea zisizopungua, na chanya na hasi zikae upande uleule wa ncha. Ya pili, pleya isiyo na mkanda ambayo kasi yake inadhibitiwa na fuwele ya quartz, mfano Technics SL-1200MK2. Hiyo hezi za ukutani haizijali, transfoma ya kushusha 230 kwenda 120 inatosha. Ya tatu ni kubadilisha puli ya mota, kile kigurudumu kinachovuta mkanda: kwa hezi 50 puli inatakiwa iwe na kipenyo kikubwa kwa asilimia 20. Baadhi ya viwanda vilitengeneza puli za aina zote mbili, lakini kuipata ya modeli ya zamani ni msako. Ukiamua kuikerezesha kwa fundi, ikatoka nje ya mduara hata kidogo tu, utasikia sauti inatetemeka kwenye kila noti ndefu.

Tuma picha ya kibandiko kabla hajalipa.

Nairobi_Kaseti

Hahaha! Fundi, unamzuia jamaa asipate Houston halisi. Kuchezea Scarface polepole ndiyo kazi aliyofanya DJ Screw, yule DJ wa Houston, maisha yake yote. Huyu atapata bure kwa gharama ya Tanesco.

Mama_Santuri

Utani mzuri, lakini Screw hakuwa na hitilafu ya umeme. Alipunguza kasi kwa kiwango alichokichagua mwenyewe, akakata, akarudisha nusu mstari, akachezesha nakala mbili za wimbo mmoja moja ikichelewa nyuma ya nyingine. Ukipunguza kasi bila kukata, umepata nusu ya kazi yake, tena ile nusu rahisi. Kanda zake za kijivu ziliuzwa Houston kwa miaka yote ya tisini mpaka alipofariki Novemba 2000. Na akina Fat Pat, Lil' Keke na Z-Ro walitokea kwenye kundi lake. Huyo Z-Ro ndiye unayemsikia na Scarface kwenye Deeply Rooted, kwa hiyo tusitoke sana nje ya mada.

Nairobi_Kaseti

Nitoke kidogo tu mama. Kama mtu anataka Texas ndani ya sahani, na nafasi ni tatu, moja iwe Ridin' Dirty ya kundi la UGK, 1996. Pimp C na Bun B, Port Arthur. N.O. Joe yumo humo pia kama prodyuza. The Untouchable ya Scarface mwaka mmoja baadaye haifikii ile hata kiunoni. Nimesema.

Mchambuzi_wa_Kusini

Mkuu, mwenye uzi kasema zote za Scarface. Ukitaka UGK fungua uzi, nitakuja kukuunga mkono. Hapa unatuchanganyia mtoto.

Mtoto_wa_Likoni

Na mimi nishangae kidogo. Mtu kasema wazi kwamba kaingilia kwenye "This Can't Be Life". Biti ile ni ya Kanye West. Yaani mlango wake ni Scarface aliyepigiwa soul ya sampuli, akaeleza msiba wa mtoto wa rafiki yake bila kupaza sauti. Sasa albamu gani inaendeleza hilo? The Fix, Agosti 2002. Kanye yumo kwenye "Guess Who's Back" pamoja na Jay-Z na Beanie Sigel walewale, yumo kwenye "In Cold Blood", yumo kwenye "Heaven" na Kelly Price. "On My Block" ni ya Nashiem Myrick, kinanda kimetolewa kwenye "Be Real Black for Me" ya Roberta Flack na Donny Hathaway. Jarida la The Source waliipa maiki tano, alama yao ya juu kabisa. Kwa mtu huyu namba moja ni The Fix, The Diary inafuata. Nyinyi mnampangia kwa kufuata kalenda, si kwa kufuata sikio lake.

Mchambuzi_wa_Kusini

Hoja ya sikio naikubali. Lakini tuseme ukweli: The Fix ni albamu ya New York yenye mtu wa Houston mbele ya maiki. Wakati ule alikuwa akiongoza Def Jam South, tawi la Kusini la lebo ya Def Jam, kampuni ikampa kila kilichokuwa kinauzika: Kanye, maprodyuza Neptunes kwenye "Someday" na Faith Evans, Nas kwenye "In Between Us". Safi, sikatai. Ila ile besi ya Mike Dean inayokwenda taratibu, yenye gitaa linalolia nyuma, haitawali kama kwenye The Diary. Mtu akikuuliza sauti ya Kusini ya Scarface ni ipi ukampa The Fix, umemdanganya.

Mtoto_wa_Likoni

Hebu sikiliza "On My Block" tena. Kila sentensi ni mtaa wake. Kusini iko kwenye kinachosemwa na namna anavyokivuta. Kinanda kingetoka hata Mombasa, mtaa ungebaki uleule.

Chuma_Chakavu

Nilitaja The Fix tangu mwanzo, mkanisema.

Mama_Santuri

Hatukukusema kwa jibu, Chuma, tulikusema kwa haraka.

Wakati mnagombana, nitoe tahadhari kwa mnunuzi, kwa sababu albamu sahihi kwenye sahani mbovu haina faida. Ilinifikia nakala ya The Diary toka kwa muuzaji wa mtandaoni, jina silitaji, iliyotangazwa kuwa chapa ya 1994 yenye hali ya VG+, alama ya wauzaji kwa mtumba ulio katika hali nzuri. Kava lilikuwa zuri ukilitazama kwa mbali. Kwa karibu, herufi ndogo za nyuma zilikuwa zimevimba kingo, na uso ulikuwa na vidoti vidogo vyenye mpangilio, dalili kwamba mtu ameskani kava la zamani akalichapisha upya. Alama ya Parental Advisory, ile ya kuonya wazazi kuhusu lugha chafu, ilikuwa na ukungu huohuo, wakati kwenye kava halisi alama ile ni kali.

Nikatoa sahani. Eneo laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, ambako kiwanda huchonga namba, halikuwa na chochote upande wa kwanza, na upande wa pili kulikuwa na tarakimu nne zisizohusiana na namba ya katalogi iliyo mgongoni mwa kava. Lebo yenyewe ina wimbo ulioandikwa kwa makosa ya tahajia. Tundu la katikati limechomwa pembeni kidogo. Hilo la tundu ndilo baya kuliko yote: sahani inazunguka mara moja kila sekunde 1.8, na kila mzunguko sauti inapanda na kushuka. Kwenye ngoma hulitambui haraka. Kwenye ogani ya N.O. Joe inayoshikilia noti moja kwa muda mrefu, unalitambua mara moja na huwezi tena kutolisikia. Juu ya hapo matoazi yalikuwa na majimaji, kama faili la MP3 la ubora wa chini, maana bila shaka sahani ilikatwa kutoka kwenye faili la namna hiyo. Mtu anaweza kulipanua tundu kwa uangalifu na kuisogeza sahani mpaka ikae katikati, lakini matoazi hayatibiki.

Kwa hiyo dada akiwa dukani: aombe kuitoa sahani ndani ya kava, ainamishe chini ya taa, asome namba za karibu na lebo na kuzipiga picha. Alinganishe na mgongo wa kava. Muuzaji asiyeruhusu sahani itolewe, aachane naye. Mikwaruzo inayoonekana tu kwenye taa si shida sana. Ile unayoihisi ukipitisha ukucha ndiyo itakayopiga kelele.

Kijana_wa_Besi

Duh. Asante mama. Namtumia hii yote kama ilivyo.

Kwani kwenye maduka makubwa si ndiyo salama zaidi? Nilitaka apite Walmart kwanza.

FundiSindano

Kwa santuri iliyofungwa, soma kibandiko cha nje. Kwa sidi, Walmart wanajulikana kwa miaka kutouza zenye alama ya Parental Advisory, wanauza zilizosafishwa. Scarface aliyesafishwa ni Scarface wa mashimo: maneno yanafutwa, biti inaendelea peke yake, na kwenye nyimbo za simulizi unapoteza hata nani kampiga nani. Neno la kukimbia kwenye kava ni "Edited" au "Clean". Akitafuta mtumba kwenye duka la rekodi la Houston, aulize hilohilo, kwa sababu nakala zilizosafishwa huchanganyika na nyingine na kava hufanana.

Kuhusu The Diary kuna jambo jingine. Dakika 43 zikibanwa kwenye sahani moja ni kama dakika 21 na nusu kila upande. Kwa muziki wenye besi nyingi hapo ni mpakani. Mifereji ya besi inataka upana, na upana ukikosekana fundi anayechonga mifereji anashusha sauti ya jumla au anapunguza besi. Tena ukiigawa katikati, "I Seen a Man Die" ni kipande cha sita, inaangukia karibu na lebo, sehemu ambayo sindano hupata taabu zaidi kwa sababu mfereji unapita polepole. Herufi S zinaanza kukwaruza. Kukiwa na nakala ya sahani moja na nyingine ya sahani mbili, zote halali na hali sawa, achukue ya sahani mbili hata kama ni ghali kidogo.

Na usiwaze kuchezea kwenye zile pleya za kisanduku zenye spika zake ndani. Nyingi zina katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) ya kauri inayobonyeza kwa gramu tano na kuendelea, na besi ya Mike Dean inairusha sindano nje ya mfereji. Katriji ya kawaida ya sumaku kama AT-VM95E inakaa kwenye gramu 2. Hiyo ndiyo unayotaka, pamoja na preampu ya fono, yaani kikuza-sauti kidogo cha pleya ya santuri, kama ampu yako haina tundu la fono. Waya mwembamba wa ardhi ufungwe kwenye ampu, la sivyo utasikia mngurumo chini ya kila kitu.

Nairobi_Kaseti

Na ufungaji wa safari? Hilo ndilo huwaumiza watu wengi.

FundiSindano

Nilikuwa nafika huko. Pleya: avue mkanda, aondoe sahani ya chuma inayobeba santuri na kuifunga peke yake, maana ikiachwa juu ya ekseli itagonga beringi njia nzima. Avue uzito wa nyuma wa mkono na kichwa chenye sindano, akifunike, mkono aufunge kwa uzi laini kwenye kishikio chake. Kifuniko cha plastiki kikae na nguo pande zote mbili.

Santuri: sahani zitoke ndani ya kava, zibaki kwenye karatasi zake za ndani, ziwekwe nyuma ya kava ndani ya plastiki moja. Zikibaki ndani, kila mtikisiko sahani inapasua mshono wa kava. Kava lina kama sentimita 31.5 kila upande, linaingia kwenye begi la mkononi la kawaida. Abebe mkononi, zisimame wima, zisilaliwe na kitu. Akifika Dar zisikae ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa "dakika kumi naingia dukani". Zikipinda hakuna transfoma ya hilo.

Mchambuzi_wa_Kusini

Mafundi mmemaliza? Turudi kwenye nafasi ya tatu, maana naona The Diary na The Fix zinapita hata kwa makelele ya Likoni.

The Untouchable ilitoka Machi 1997, ikaingia namba moja Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ya kwanza kwa Scarface na kwa Rap-A-Lot. "Smile" na 2Pac ilitoka miezi michache baada ya 2Pac kuuawa, na ndiyo iliyomfikisha Scarface kwa watu wasiojua Houston iko wapi. "Game Over" ina Dr. Dre, Ice Cube na Too $hort kwenye wimbo mmoja. "Mary Jane" inateleza. Kama albamu nzima, inapungukiwa na ule mshikamano wa The Diary. Wimbo kwa wimbo, ni rahisi kumpigia mgeni sebuleni.

Mr. Scarface Is Back ni ya mtu anayetaka kuona jengo kuanzia msingi. Kwa Kijana, aliyeingilia 2000, ningemwambia asubiri.

Mtoto_wa_Likoni

Na Deeply Rooted mnaipita kama haipo? Miaka saba baada ya albamu yake ya Emeritus, tena akiwa nje ya Rap-A-Lot. Sauti imeiva, imechoka vizuri. "God" na John Legend, "Do What I Do" na Nas, Rick Ross na Z-Ro. Mtu wa miaka 44 anayezungumza kuhusu mwili wake na dini yake bila kujifanya kijana. Warapa wangapi wa rika lake wametoa kitu kizito namna hiyo wakiwa na umri huo? Ukichukua Diary, Fix na Deeply Rooted una 1994, 2002 na 2015: mtu mmoja kwenye umri tatu tofauti. Ukichukua Untouchable una 1994 na 1997, karibu mtu yuleyule.

Chuma_Chakavu

"Smile" peke yake inashinda Deeply Rooted yote.

Mtoto_wa_Likoni

"Smile" utaisikia kwenye simu yoyote, Chuma. Tunazungumzia kilo za begi.

Mama_Santuri

Hapo niko na Likoni, na si kawaida yangu.

Watu wakimsimulia Scarface huishia 2002 kana kwamba alistaafu. Made ya 2007 ni kazi ya maana, na wala haiko kwenye orodha ya kijana. Emeritus ya 2008 ina "Can't Get Right" na Bilal. Baada ya hapo maisha yamempiga kweli: korona 2020, figo zikafeli, na 2021 akapandikizwa figo ya mwanawe. Mwishoni mwa 2023 akaonekana Tiny Desk, onyesho la muziki la redio ya NPR ya Marekani, na bendi kamili, gitaa mkononi, akizipiga nyimbo zake za zamani kama mtu anayezielewa upya. Ukisikia "I Seen a Man Die" pale, unajua ni kwa nini kazi za uzeeni zinahitaji nafasi kwenye rafu.

Kijana_wa_Besi

Wakuu, dada kanitumia picha toka dukani sasa hivi. The Diary ipo, ya sahani moja, namba za karibu na lebo zinalingana na mgongo. The Untouchable ipo. The Fix hawana. Deeply Rooted hawana. Kuna My Homies, bei nzuri sana, na jamaa wa duka anamsifia. Na kuna sidi ya Balls and My Word. Achukue nini?

Mchambuzi_wa_Kusini

Diary achukue kabla mwingine hajaishika.

My Homies ya 1998 ni kubwa kwa jina na kwa mauzo, lakini ni mkusanyiko wa marafiki. Kuna nyimbo nyingi humo ambazo Scarface mwenyewe haonekani kabisa. Unabeba uzito wa albamu ya sidi mbili kwa ajili ya vesi chache za uliyemfuata. Na Balls and My Word ni mabaki ya studio ambayo Rap-A-Lot waliyatoa 2003 baada ya The Fix kufanya vizuri Def Jam. Aache dukani.

Nairobi_Kaseti

Aulize kama wana Ridin' Dirty.

Mchambuzi_wa_Kusini

Wewe!

Mtoto_wa_Likoni

Kwa hiyo kukosekana dukani ndiko kutaamua? Houston ni jiji kubwa, aende duka la pili. Untouchable asiichukue kwa kukata tamaa.

Chuma_Chakavu

Untouchable ipo mkononi, Fix ipo hewani. Chukua ya mkononi.

FundiSindano

Picha ya kibandiko cha pleya bado sijaiona. Ile ya The Diary nimeiona, asante, lakini kwa mizunguko 27.8 hata nakala halali haitakusaidia.

Kijana_wa_Besi

Fundi, kibandiko kimechunika. Kinasomeka "120V 60Hz" na "11W", jina la modeli halipo. Ana mpaka kesho kuamua.

FundiSindano

60Hz peke yake bila 50/60 ni dalili mbaya. Avue sahani ya chuma, atazame mota: ikiwa waya mbili za ukutani zinaingia moja kwa moja kwenye mota bila bodi ya saketi katikati, aiache. Ikiwa kuna bodi na transfoma ndogo ndani na mota ina kitundu cha bisibisi cha kurekebisha kasi, hiyo huenda ni DC na tunaweza kuongea. Apige picha ya mota, si ya kibandiko.

Nairobi_Kaseti

Akikuta ni ya AC nitainunua mimi. Nina matumizi nayo.

Mama_Santuri

Nairobi, hapo kwenu pia ni hezi 50.

Nairobi_Kaseti

Ndiyo maana.

Mtoto_wa_Likoni

Swali la pembeni kwa Mchambuzi: kati ya We Can't Be Stopped na The Resurrection ya 1996, Scarface wa Geto Boys yupi ni mkali zaidi? Mimi nasema 1996, watatu wakiwa wamerudi pamoja baada ya Till Death Do Us Part ya bila Willie D.

Mchambuzi_wa_Kusini

1996 kwa uandishi, 1991 kwa uzito wa wimbo mmoja. Lakini usiniingize huko, dada wa watu yuko dukani.